Somo: Ritifaa ('), isome hii kabla ya kuuliza tena

Kila mara kuna anayeuliza mbona Lang'ata ina ritifaa na Ngara haina. Nimeyaweka yote hapa.

1. Tamka kwanza. Ukisikia g, usiiweke: ngoma, nguo, Ngara. Sauti ikipita puani tu na ukaweza kuivuta, iweke: ng'ombe, king'ora, Murang'a. Kung'oa ni kutoa na mizizi. Ngoa ni wivu.

2. Herufi ikidondoshwa, ritifaa hukaa pale ilipokuwa. Washairi hupunguza mizani hivyo: amekwenda ni mizani nne, 'mekwenda tatu. Mwaka pia: '82.

3. Kuchapa. Wengi huharibia hapa. Kitufe chake kiko kando ya Enter. Kile cha kando ya 1 (`) SI ritifaa, hata kama kwenye karatasi hutaona tofauti. Kompyuta inaiona: orodha ikiwa na Kang`ethe, ukitafuta Kang'ethe hampati, na mtu anaambiwa hajasajiliwa. Word nayo huipinda. Katikati ya neno haina shida (’), ila mwanzoni huigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu: ‘82. Chapa mbili mfululizo, ufute ya kwanza. Na ukihamisha majina kutoka Word hadi Excel, nyoosha zote kwa Ctrl+H (tafuta na ubadilishe) ziwe ' kabla ya kutafuta chochote.

4. Usikate ng' mwisho wa mstari. Ni konsonanti moja: ng'o-mbe.

MASWALI

Jirani_wa_Kayole: Kwa hivyo ni Ng'ara ama Ngara?
— Hatua ya 1. Imetajwa kwa jina.

Mwanagenzi: Na jina likiishia hapo, kama Anyang' Nyong'o?
— Swali zuri. Inabaki. Kijaluo huruhusu neno liishie kwa ng', Kiswahili hakiruhusu, ndiyo maana mhariri asiyejua hudhani ni nukuu imefungwa, akaifuta. Jina kama hilo likiwa ndani ya nukuu, tumia alama mbilimbili (“ ”) lisichanganye msomaji.

Karani: Nje ya mada kidogo. Excel inakula sifuri ya kwanza ya namba za simu.
— Tanguliza ritifaa: '07 na kuendelea. Itasomwa kama maandishi, na alama yenyewe haitaonekana kwenye seli. Usifanye hivyo kwa pesa, SUM itaziruka.

Karani: Imekubali, asante. Sasa kuna kipembetatu cha kijani.
— Kiache. Ukikubali Excel iigeuze kuwa namba, sifuri inaondoka tena.