Namna ya Kuuza Safari za Feri za Visiwa vya Ziwa Victoria kwa Kampuni za Utalii na kwa Wasafiri Wanaojipangia Safari

Mwongozo huu nimewaandikia wenye feri, boti za abiria, nyumba za wageni na ofisi ndogo za safari katika fuo za Kisumu, Siaya na Homa Bay. Wengi wao wana chombo kizuri na mahali pazuri pa kumpeleka mgeni, lakini watalii wanapita Kisumu wakielekea Maasai Mara au Msitu wa Kakamega bila hata kugusa maji ya ziwa. Kazi yangu ni kuwatafutia wateja vyombo vya aina hiyo, na jambo ninalolisisitiza kwa kila mwenye chombo ni kwamba kampuni ya utalii inapoiingiza feri katika ratiba yake imeweka jina lake mikononi mwa nahodha wako. Kwa sababu hiyo, kinachouzwa kwanza ni uhakika wa saa na wa usalama. Uzuri wa ziwa mgeni atauona mwenyewe akishafika.

Hatua ya kwanza: Ipime safari nzima, kuanzia mjini

Kabla ya kuandika tangazo lolote, panda chombo chako kama abiria, ukianzia Kisumu mjini mahali mgeni anapolala. Tuchukue mfano wa njia ya Luanda Kotieno hadi Mbita, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuuzika upande wa Kenya. Gari hutoka Kisumu, hupita Kisian, hufuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha hukata kushoto kuelekea ziwani. Andika muda wa kila sehemu: barabara, foleni ya magari gatini, kupakia, kuvuka, na kushusha upande wa pili. Fanya hivyo siku ya soko na siku isiyo ya soko, kwa sababu foleni ya siku ya soko, yenye malori ya bidhaa na akina mama wenye magunia ya omena, inaweza kuivuruga ratiba kuliko upepo.

Pima pia hali ya maji. Kwa kawaida ziwa hutulia asubuhi, na kuanzia adhuhuri upepo wa kutoka ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kuinua mawimbi. Dhoruba nyingi hutokea usiku na alfajiri, hasa katika mvua za Machi hadi Mei. Mgeni asiyezoea maji auziwe safari ya asubuhi, na kampuni ielezwe sababu, kwa maana maelezo hayo peke yake huonyesha kwamba unalijua ziwa lako.

Hatua ya pili: Andika karatasi moja ya maelezo

Hapa ndipo biashara nyingi hupatikana au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mpangaji wa safari aliyeko Nairobi hana muda wa kupiga simu mara tano ili ajue kama gari lake la safari litaingia ferini. Anataka karatasi moja atakayoiweka katika faili na kuitumia mwaka mzima.

Anza na ratiba. Iandike kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na usaidie na saa za Kiswahili kwa wasafiri wa hapa nyumbani: 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Tiketi iliyoandikwa "saa 2" bila maelezo zaidi imewafanya wageni wengi kufika gatini alasiri wakati chombo kiliondoka asubuhi. Chini ya kila saa ya kuondoka andika saa ya mwisho ya gari kuwa katika foleni, na useme wazi kama kulipa mapema kunamhakikishia mtu nafasi ya gari au nafasi ya abiria tu. Mambo hayo mawili ni tofauti sana, na kampuni ikichukulia kwamba nafasi ya gari imehifadhiwa wakati haikuhifadhiwa, hutaipata tena kampuni hiyo.

Baada ya ratiba, eleza chombo chenyewe: kinabeba abiria wangapi kwa mujibu wa cheti chake, gari la urefu na kimo gani linaweza kupanda, kama kuna kivuli, kama kuna choo ndani au gatini pekee, na kama mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Usiogope kuandika "hakuna". Kampuni inaweza kujipanga kwa ajili ya choo kisichokuwepo. Haiwezi kujipanga kwa ajili ya habari iliyofichwa.

Sehemu ya usalama iandikwe kwa uzito unaostahili. Kila mpangaji wa safari katika eneo hili anakumbuka kwamba mnamo Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Atakuuliza, na ana haki ya kuuliza. Taja cheti cha ukaguzi wa chombo na tarehe ya kumalizika kwake, ukijua kwamba Mamlaka ya Masuala ya Bahari Kenya, yaani KMA, husimamia usalama wa vyombo vya ziwani pia. Taja idadi ya jaketi za kujiokolea, zikiwemo za watoto, na eleza kwamba majina ya abiria huandikwa kabla ya kuondoka na nakala ya orodha hubaki nchi kavu. Kama hufanyi hivyo bado, anza kufanya kabla ya kuandika. Picha moja ya mabaharia wakiwafungia wageni jaketi, iliyopigwa katika chombo hicho hicho na si kuchukuliwa mtandaoni, ina thamani kuliko picha kumi za machweo.

Hatua ya tatu: Uza mzunguko

Feri inayompeleka mgeni na kumrudisha palepale ni matembezi ya siku moja. Feri inayomwezesha kutoka kwa barabara moja na kurudi kwa nyingine ni kiungo cha ratiba, na kampuni hulipa vizuri zaidi kwa kiungo. Mzunguko ninaoupendekeza huanza Kisumu, ukavuka kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, ukaenda visiwani, kisha ukarudi kwa barabara kupitia Homa Bay na Kendu Bay, ambako wageni husimama katika ziwa dogo la Simbi Nyaima kutazama heroe. Kampuni inayotoka Maasai Mara inaweza kuugeuza: Migori, Homa Bay, Mbita, feri, Kisumu, kisha ndege ya Nairobi. Wenye hamu ya historia wanaweza kuongezewa Thimlich Ohinga huko Migori, maboma ya mawe yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018.

Ujue kwa usahihi kila kisiwa kinatoa nini na kinafikiwaje. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, kwa hiyo usimwambie mgeni kwamba anahitaji boti kufika huko. Kule kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, na mabaki ya kale ambamo Mary Leakey aliligundua fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale asiye na mkia, mwaka 1948. Kila Desemba huwa na tamasha la utamaduni, na vyumba vya Mbita hujaa. Mfangano hufikiwa kwa maji. Ina michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga pamoja na jumba la makumbusho la Abasuba linaloendeshwa na jamii yenyewe, na mtu akipanda kilimani huliona ziwa pande zote. Takawiri ina ufuo wa mchanga mweupe. Bara, mwendo wa gari kutoka Mbita, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma yenye korongo, swala ambao nchini Kenya hawaonekani kwingineko porini. Kiingilio cha Ruma hulipwa kwa KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajafika langoni na noti mkononi.

Tahadhari moja ya kisheria: ukianza kuunganisha feri, malazi na mwongozaji kwa bei moja, umeingia katika shughuli ya kampuni ya utalii, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inataka leseni. Kama huna, uza kiti chako na uwaelekeze wageni kwa wenye leseni.

Hatua ya nne: Panga bei mbili na uzilinde

Kampuni ya utalii inahitaji bei ya wakala ambayo haionekani hadharani. Tuseme, kwa mfano tu, kiti kinauzwa shilingi 1,000 kwa msafiri wa kawaida na kampuni inapata punguzo la asilimia 15. Itakulipa shilingi 850, nayo itamtoza mgeni wake 1,000 au zaidi. Siku utakapotangaza punguzo la sikukuu kwa shilingi 800 mtandaoni bila kuitaarifu, umeifanya ionekane mwizi mbele ya mteja wake. Bei ya wakala iwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ieleze umri wa mtoto anayelipa nusu, na iseme kama mwongozaji na dereva wanalipa. Mimi hushauri wasilipe, kwa sababu dereva aliyehudumiwa vizuri gatini ndiye atakayeitetea njia yako katika kila safari inayofuata.

Malipo yapitie nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la biashara au akaunti ya benki, na ankara itolewe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: Zifikie kampuni kwa wakati wake

Kampuni zinazopokea wageni kutoka ng'ambo huandika bei za mwaka unaofuata miezi mingi mapema, kwa hiyo barua inayofika Desemba kwa ajili ya Januari imechelewa. Anza na orodha ya wanachama wa KATO, muungano wa kampuni za utalii nchini, uchague zile ambazo tayari zinauza Kakamega, Kisumu au Maasai Mara, na umtafute anayeshughulikia mikataba. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi:

"Habari za asubuhi, Bi. Sisi ni waendeshaji wa feri kati ya Luanda Kotieno na Mbita. Nimeona ratiba yenu ya Mara na Kisumu hurudi kwa barabara ile ile. Ninaambatisha karatasi moja inayoonyesha namna wageni wenu wanavyoweza kupitia ziwani pamoja na bei ya wakala. Ningependa kumkaribisha mtu wa ofisi yenu asafiri nasi bila malipo siku atakayochagua."

Anayekubali mwaliko huo msafirishe katika safari ya kawaida yenye abiria wa kawaida. Chombo kilichosafishwa na kutengwa kwa ajili yake hakitamfundisha chochote cha kuwaambia wageni.

Hatua ya sita: Mwondolee msafiri anayejipangia maswali

Msafiri asiye na kampuni huamua akiwa na simu mkononi, mara nyingi usiku wa kuamkia safari. Weka alama sahihi ya gati katika Google Maps, na uandike "Luanda Kotieno, Rarieda, Siaya", kwa sababu kuna mji mwingine wa Luanda katika kaunti ya Vihiga, kwenye barabara ya Busia, na mgeni akimwambia makanga "Luanda" pekee anaweza kushushwa huko. Mwandikie matatu za upande gani apande Kisumu na aulize nini. Mweleze kuhusu chandarua na dawa za malaria, na asiogelee ovyo karibu na ufuo kwa sababu ya kichocho. Ukweli huo haumfukuzi mtu. Humfanya akuamini katika mengine.

Katika WhatsApp weka jibu la papo hapo lenye ratiba, nauli na ramani. Kisha uzungumze na mapokezi ya nyumba za wageni za Kisumu na Mbita, maana swali la "kesho twende wapi?" huulizwa pale.

Hatua ya saba: Tayarisha siku ambayo chombo hakitaondoka

Upepo, gugumaji lililoziba gati, au injini: mojawapo itakuja. Mteue mtu mmoja mwenye simu na orodha ya kampuni zote zenye wageni siku hiyo, atume ujumbe mara tu nahodha anapoamua, hata kama ni alfajiri: "Feri ya 08:00 kutoka Luanda Kotieno imeahirishwa kwa sababu ya mawimbi. Tutatoa taarifa tena saa 09:30. Mkiamua kupita Homa Bay kwa barabara, nauli yote itarudishwa leo." Uamuzi wa nahodha usibishwe na ofisi, wala kundi kubwa lisiwe sababu ya kumshawishi.

Kila ahirisho liandikwe katika daftari pamoja na sababu, saa ya taarifa na saa fedha zilipomrudia mteja. Mwishoni mwa msimu ichape orodha hiyo pamoja na safari zilizoondoka kwa wakati, uzipelekee kampuni zote ulizo na mkataba nazo kabla hazijaanza kuandika ratiba za mwaka unaofuata.