Namna ya kuandaa mwaka wa uwakili katika usharika

Sharika nyingi za Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro huanza habari ya uwakili kwa kugawa bahasha za ahadi, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu msharika ambaye hakubishiwa hodi tangu Januari hadi Novemba akipokea bahasha yenye jina lake huona kwamba kanisa linaujua mfuko wake tu. Wakili, katika lugha ya kanisa, ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake. Waraka wa kwanza wa Petro (4:10) unapotumia neno hilo unazungumzia karama ya kila mmoja na kuhudumiana, wala hautaji fedha. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa kamati za uwakili na wazee wa kanisa wa Moshi na vijiji vyake, unaanza na watu.

Mwezi wa Agosti haujaisha, kamati ianze kuhuisha daftari la washarika, kaya kwa kaya. Tuseme jumuiya moja ina kaya 20: mzee wa kanisa akitembelea kaya 2 kila juma, ataimaliza jumuiya yake kwa majuma 10, na ifikapo mwanzo wa Novemba baraza la wazee litakuwa na picha kamili mezani. Katika ziara hiyo mzee asibebe bahasha wala kitabu cha stakabadhi, hata kama mwenyeji ataomba kulipa deni lake la jengo. Amwambie kwa upole kwamba leo amekuja kusalimia. Aulize nani wanaishi pale, nani anaumwa, nani amehamia Dar es Salaam, na kama yupo aliyeacha kuja ibadani, ni jambo gani lililomkwaza. Kisha aulize kila mmoja anajua kufanya nini, akianza na bibi na kijana kabla ya baba mwenye nyumba, maana baba akijibu kwanza wengine hunyamaza. Majibu yaandikwe kwa maneno ya kazi yenyewe: fundi bomba, anaweza hesabu, ana pikapu, anajua kukaa na mgonjwa usiku. Neno kama «anapenda kujitolea» halimsaidii mtu yeyote atakayelisoma baadaye.

Katika kugawa kazi, ni vema kumkumbuka Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938, ambaye alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Si lazima kukubaliana naye katika kila jambo, na mji wa leo si ule wa vihamba vitupu, yaani mashamba ya ukoo, lakini rika bado lina nguvu. Vijana waliopata kipaimara pamoja wakipewa kazi moja kama kundi, kwa mfano kutunza mfereji na bustani ya kanisa, wataifanya kwa kuoneana haya wao kwa wao, ilhali kijana mmoja mmoja akiitwa kwa jina kwenye matangazo haonekani tena.

Kila kazi iwe na mwisho, kwa mfano miezi 6, na iwe na mtu mmoja anayeisimamia. Watu hawakimbii kazi. Wanakimbia kazi isiyo na tarehe ya kuikabidhi. Vilevile baraza liweke mpaka kwamba msharika mmoja asibebe zaidi ya nafasi mbili, kwa kuwa karibu kila usharika una mama mmoja ambaye ni mwanakwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili na mhazini wa umoja wa wanawake kwa wakati mmoja, na tunamsifu badala ya kumpunguzia mzigo. Wasisahaulike wasiopatikana Jumapili: wapagazi na waongoza watalii walioko mlimani, mama lishe, madereva wa bodaboda. Hao wapewe huduma za katikati ya juma, na ibada ya jumuiya ihesabiwe kwao kuwa ushiriki kamili.

Baada ya hapo ndipo fedha. Bajeti isomwe mbele ya washarika kabla kadi za ahadi hazijatolewa, ikieleza posho ya mwinjilisti, umeme, diakonia (huduma kwa wahitaji) na mchango unaopelekwa dayosisi, ili mtu aahidi akijua anaahidia nini. Mapato ya kawaida yasipangwe kwa kutegemea Desemba, wakati wana wa mlimani wanarudi nyumbani kwa Krismasi na mnada wa mkungu mmoja wa ndizi unaweza kurudiwa mara tatu kwa shangwe. Matoleo hayo yaelekezwe kwenye ukarabati, kwa sababu masika yakifika wenyeji ndio waliobaki. Wenye mayai, maziwa na kahawa waendelee kuvileta, na thamani yake iandikwe katika hesabu kama sadaka nyingine.

Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu wasio wa nyumba moja, wasaini wote, na ipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi. Matoleo ya simu yapitie namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe si kwa simu ya mhazini. Nimewahi kukaa katika kikao kilichodumu hadi usiku kwa sababu ya namba ya namna hiyo, na ingawa hakuna shilingi iliyopotea, mhazini aliondoka akiwa ameumizwa. Paulo mwenyewe alituma watu kadhaa na mchango wake ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:20–21). Taarifa ya mapato na matumizi itolewe kila robo mwaka kwa tarakimu, bila kusoma majina ya waliotoa na waliochelewa.

Kaya ambayo haijarudisha kadi hadi mwisho wa Februari itembelewe tena na mzee yuleyule. Aende tena bila bahasha, na kadi asiitaje mpaka mwenyeji aitaje mwenyewe.