Mkimbiaji Anapoacha Mbio: Namna ya Kumsaidia Wiki za Mwanzo

Anzeni na alfajiri. Mtu aliyezoea kuamka saa 11 na kuingia barabara ya Ngaramtoni ataendelea kuamka saa hiyo hata kama kano ya kisigino imechanika, na hapo ndipo mawazo humwelemea. Saa hiyo isiachwe tupu. Daktari akiruhusu, mmoja wenu atembee naye dakika 30, kwa njia ambayo kikundi chake hakipiti. Anayestaafu bila jeraha apunguze kilomita kidogo kidogo, kila wiki robo ya anazokimbia. Kukata ghafla huweza kuvuruga usingizi. Ugali nao upungue taratibu, maana akila kama mtu wa kilomita 150 kwa wiki atanenepa, na unene humwongezea aibu.

Wiki ya pili mpeni karatasi achore duara, aligawe kama chapati kwa kadiri kila jambo linavyoujaza moyo wake: mbio, watoto, kwaya, migomba. Mara nyingi mbio hula karibu duara zima. Msimsahihishe. Muulizeni ni kipande gani kidogo angependa kikue, kisha apange tendo moja lenye siku na saa, mfano Jumanne saa 10 jioni, mazoezi ya kwaya. Wengi hukosea hapa kwa kumpa ukocha haraka. Kusimama pembeni na saa mkononi wakati kidonda ni kibichi ni mateso. Asubiri mpaka aombe mwenyewe.

Siku ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, huuma kuliko zote. Amueni naye mapema: aende kushangilia, au asafiri?

Waliotegemea fedha za zawadi zake za mbio waelezwe hali ilivyo kwenye kikao cha familia, na mzee ndiye aseme.

"Jikaze" humfunga mdomo. "Pole kaka, umepoteza kitu kikubwa, nipo" humfungua.

Huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki 2, au pombe kuzidi, ni kazi ya wataalamu. Mkihofia zaidi, ulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa za shamba nyumbani, na siku hiyohiyo mpelekeni hospitali: Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Afuatane na mtu anayemwamini, aingie naye kwa daktari akiridhia.