Nishani ya Mtakatifu Agatha: kuivaa na kuitunza kwenye joto la Mombasa

San Marino ni jamhuri ya kilomita 61 za mraba, imezungukwa na Italia pande zote. Mwaka 1923 iliasisi Nishani ya Mtakatifu Agatha kwa ajili ya raia wa nchi nyingine, hasa waliofanya kazi za hisani. Pwani si jambo geni: masultani wa Unguja nao waliwavisha wageni Nyota Ing'aayo, enzi bendera yao nyekundu ikipepea juu ya Fort Jesus. Nishani ikishafika nyumbani kuna kazi mbili, kuikalisha pahala pake na kuikinga na hewa ya bahari. Hii ya pili ndiyo huwashinda wengi.

Kabla ya yote, hakikisha ni ya kweli, maana nishani za kuuzwa zimejaa tele. San Marino ina wakuu wa nchi wawili kwa wakati mmoja, Makapteni Watawala, na muhula wao ni miezi sita, kuanzia tarehe 1 Aprili na 1 Oktoba. Hati inayokuja na nishani ikitaja mkuu mmoja tu, au majina mawili yasiyolingana na tarehe iliyoandikwa, pana walakini. Aliye afisa wa serikali asome pia kifungu cha 76 cha Katiba ya Kenya kuhusu zawadi, tena asome kabla ya siku ya sherehe.

Pahala pa kuvaa huamuliwa na daraja, nazo ziko tano. Kwa desturi ya Ulaya, Naiti, daraja la chini, huning'iniza msalaba wa nishani kwa utepe upande wa kushoto wa kifua. Afisa huvaa vivyo hivyo, ila utepe wake una ua dogo la kitambaa katikati. Kamanda huuvaa shingoni. Afisa Mkuu huuvaa shingoni na kuongeza nyota, yaani beji kubwa ya pini, kifuani kushoto. Naiti wa Msalaba Mkuu hupitisha utepe mpana toka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, pamoja na nyota. Ukiwa na nishani ya Kenya, hiyo hutangulia: ikae karibu zaidi na katikati ya kifua, ya kigeni ifuate upande wa nje. Na hata ukiitwa Naiti usijiandike "Sir", hiyo ni ya Waingereza.

Kwa mavazi ya huku, nishani ya kifuani iweke kwenye koti linalovaliwa juu ya kanzu. Kitambaa cha kanzu ni chembamba, nyota nzito hukivuta kikaning'inia na mwisho pini hukitoboa. Hata koti lenyewe mpelekee fundi cherehani alikaze kwanza: ashone kwa ndani kipande cha kitambaa kigumu kinachozidi nyota kwa sentimita 2 kila upande, kisha kwa nje aweke matanzi mawili ya uzi wa rangi ya koti, nafasi baina yake iwe fupi kuliko pini kwa kama sentimita 1. Pini ipite kwenye matanzi isiguse kitambaa. Nyota ikiinamisha kichwa mbele, tanzi la juu limelegea. Aivuaye kabla ya kuingia msikitini havunji itifaki yoyote.

Sasa utunzaji. Fedha haiwi nyeusi kwa unyevu peke yake. Salfa iliyomo hewani ndiyo huidhuru, na unyevu huharakisha. Mpira, sufu na kadibodi duni hutoa salfa, kwa hiyo kuifunga nishani kwa rababendi ndani ya boksi la viatu ni kuiharibu polepole. Chumvi ya bahari nayo hushambulia pini ya chuma, na kutu yake ikishaingia kwenye utepe haitoki.

Ukirudi kutoka kwenye sherehe, ifute jasho kwa kitambaa laini kikavu cha pamba. Ikichafuka zaidi, toa utepe kwanza. Chovya brashi laini katika maji safi vuguvugu yenye tone moja la sabuni isiyo kali, pitisha juu ya chuma, futa kwa kitambaa chenye maji matupu, kausha papo hapo. Usiiloweke: maji huingia kwenye maungio na kubaki humo. Dawa ya kung'arishia shaba usiiguse kabisa, kwani dhahabu ya juu ni utando tu na hutoka na kitambaa. Rangi nyeupe ya msalaba ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Maji ya moto huipasua kwa kuwa kioo na chuma havitanuki sawasawa. Sonara akikuambia ataitia kwenye mashine ya mitetemo, mkatalie. Enameli iliyobanduka usiipake rangi ya kucha.

Utepe haufuliwi. Pasi ya mvuke hufuta mawimbi yake ya hariri, na jua la dirishani hupausha rangi. Uhifadhi ukiwa umelazwa, bila kukunjwa.

Weka vyote katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, juu ya karatasi isiyo na asidi, pamoja na silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ya kubadilika rangi, gramu 20 kwa chombo cha lita 2. Masika ikianza iangalie kila wiki. Rangi ikishageuka, toa silika kwenye pakiti, itandaze kwenye sinia, uikaushe ndani ya ovena kwa nyuzi 120 saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa ndipo uirudishe.