Kupanua jengo la abiria bila ya kufunga kiwanja cha ndege

Kazi yangu ni usimamizi wa majengo ya umma hapa visiwani: skuli, vituo vya afya, masoko, na majengo ya abiria, ya bandarini na ya viwanja vya ndege. Kwetu ni Chake Chake, Pemba. Wahandisi vijana wanaopewa kazi ya kupanua jengo la abiria huniletea picha ya kompyuta kwanza: vioo, paa la mbinuko, minazi iliyopandwa kwa mstari. Huiweka pembeni nikawauliza: saa ipi ya siku kiwanja chenu hujaa kuliko zote, na ndani ya saa hiyo kuna nani? Asiyeweza kujibu hilo bado hajafika kwenye kuchora.

Hesabu saa, usihesabu mwaka

Takwimu ya mwaka ina kazi yake, hasa mbele ya wenye fedha. Jengo la Tatu la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume, Unguja, limetangazwa kuwa na uwezo wa abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Lakini kwenye kiwanja kidogo kama chetu cha Pemba, pale Wawi, abiria huja kwa mkupuo. Asubuhi kimya, mara ndege tatu zinafuatana na mtu hana pa kuweka mguu.

Chukua mfano wa Dash 8 Q400 ya viti 76 na Cessna Caravan mbili za viti 12, zote zinaondoka ndani ya saa moja. Hao ni watu 100. Kwa vipimo vya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, abiria aliyekaa ukumbini hupewa kama mita za mraba 1.7, aliyesimama 1.2. Ukiwakalisha 80 na 20 wakasimama, unahitaji mita za mraba 160 za kusubiria peke yake. Hapo hujaweka kaunta, ukaguzi, vyoo wala mahali pa kusalia. Na ndege hizo hizo zimeshusha watu kabla ya kupakia, kwa hiyo upande wa kuwasili nao umejaa wakati huo huo.

Halafu hesabu wasiosafiri. Hapa vitabu vya nje havitusaidii. Wiki ya Idi, na siku za mahujaji kuondoka, mtu mmoja hufuatwa na mama, watoto, majirani na mwalimu wa madrasa, na wote wanataka kumwona mpaka apotee mlangoni. Weka vijana wenye daftari getini siku za kawaida, uwarudishe tena siku za Idi. Idadi watakayokuletea ndiyo itakayokupa upana wa baraza la nje. Nalisisitiza baraza: liwe pana, lenye paa, viti vya kujengea na uwazi wa kuona ndani. Ukilibana, wasindikizaji wataingia kusimama kwenye foleni ya mizigo, na hakuna askari atakayewatoa bila ya ugomvi.

Kuna njia moja siachi kuipima kwa mkono wangu, ya mgonjwa. Niliwahi kuwatazama vijana wanne wakimtoa bibi mmoja kwenye gari la wagonjwa, anapelekwa hospitali Unguja. Machela ilipita mlango wa kwanza vizuri. Kwenye kona ya ukaguzi ikagota ukutani. Ikabidi wainue upande mmoja, bibi akashika ukingo kwa mikono miwili, na mwanawe nyuma ameinua chupa ya dripu juu ya kichwa. Mlango ulikuwa na upana wa kutosha. Kilichokosekana ni nafasi ya kugeuka. Basi chora njia ya pembeni kutoka gari mpaka ndege, isiyo na ngazi wala kona kali. Ichore chini kwa chokaa, ukubwa wake halisi, uzungushe machela yenyewe kabla hujajenga ukuta. Njia hiyo hiyo itapitisha maiti kwa heshima, mbali na macho ya ukumbi mzima.

Uliza ya njia ya kurukia kabla ya jengo

Jengo halisimami popote unapopenda. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka njia ya kurukia iwe na ukanda wazi pande zote mbili. Kwa njia yenye urefu wa mita 1,200 au zaidi ambayo ndege hutua kwa kuongozwa na vyombo, ukanda huo ni mita 140 kila upande kutoka mstari wa katikati. Ukitoka kwenye ukingo wa ukanda, ruhusa ya kimo hupanda kidogo kidogo: mita 7 za kwenda pembeni zinakupa mita 1 ya kwenda juu. Jengo la mita 10 litasimama si chini ya mita 210 kutoka katikati ya njia. Ndege iliyoegeshwa nayo inahesabiwa. Mkia wa Q400 una kimo cha zaidi ya mita 8, kwa hiyo maegesho nayo yanasukumwa nyuma, na jengo linasukumwa nyuma ya maegesho.

Ndiyo maana ni lazima ujue kama kuna mpango wa kurefusha njia au kuipandisha daraja, hata kama ni wa miaka mingi ijayo. Vipimo hivyo vipeleke Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania vikiwa bado kwenye karatasi. Jengo la Tatu la Unguja lilianza kujengwa 2011, katikati michoro ikabidi irudiwe ili ilingane na viwango, na abiria hawakuanza kulitumia hadi 2021. Kurudia mchoro ni gharama ya karatasi. Kurudia zege ni jambo jingine kabisa.

Upanuzi ukigusa mashamba, nenda na sheha kabla hujapiga kigingi hata kimoja. Hesabuni mikarafuu mti kwa mti, mwenye shamba yupo, picha zipigwe, kila mtu abaki na nakala. Mkarafuu mchanga hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa, na fidia isiyoihesabu miaka hiyo humdhulumu mtu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimekaa kwenye mabaraza ya watu waliosubiri, na mkandarasi hapati amani kwenye ardhi yenye manung'uniko.

Chumvi

Visiwani hakuna jengo lililo mbali na bahari. Mchanga wa pwani usiingie kwenye zege yenye nondo, hata ukiambiwa umeoshwa. Chumvi yake hula chuma kwa ndani na ukuta hupasuka baadaye, mkandarasi ameshaondoka zamani. Dai cheti cha kila shehena ya mchanga, na tofali za majaribio za zege zivunjwe siku ya 7 na siku ya 28. Skrubu za paa ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, zenye washa za mpira. Ukikubali za kawaida kwa sababu ni rahisi, masika ya pili utaona michirizi ya kutu ukutani, kila mchirizi chini ya skrubu yake.

Maji ya paa yatoke nje ya jengo. Mfereji uliofichwa katikati ya mapaa mawili ni uzuri wa mchoro tu, siku ukiziba, mvua inanyesha ukumbini. Vigae vya sakafu viwe vya kukwaruza, maana watu huingia na kandambili zilizolowa, na karibu na mahali pa kutawadhia mzee akiteleza ni nyonga.

Kuhusu viyoyozi, weka pale tu palipo lazima: chumba cha mitambo, ofisi za ukaguzi, ukumbi wa ndani. Kwengineko fungua jengo kwa upepo. Kaskazi na kusi tunavijua vinatokea wapi. Madirisha ya juu yapishane upande kwa upande na joto litatoka lenyewe. Kila tundu la juu lizibwe kwa wavu, kwa sababu ndege wanaotaga darini huishia kuzunguka maegesho.

Umeme

Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya waya wa baharini. Pemba tunategemea waya unaotoka Pangani, uliofika 2010. Kwa hiyo jenereta usiiweke mwisho wa bajeti. Iweke juu ya kimo cha maji ya mvua, yenye swichi ya kujibadilisha yenyewe, na uandike mapema nini kiwake kwanza: mawasiliano ya mnara, taa za njia kama zipo, pampu za zimamoto, mashine za eksirei, taa za kutokea. Iwashwe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo.

Kujenga huku ndege zinatua

Hapa ndipo kazi ilipo. Jenga kipande kipya pembeni, hamishia humo upande wa kuwasili, ndipo uvunje ulipokuwa. Kisha fanya vivyo hivyo kwa upande wa kuondoka. Usivunje choo kabla choo kipya hakijatoka maji. Foleni ya muda iwe na paa la bati na feni. Hema la turubai halistahimili masika.

Uzio baina ya ujenzi na maegesho uwe mzima mpaka chini. Msumari mmoja, kipande cha waya, mfuko mtupu wa saruji ukipeperuka, hiyo ni hatari kwa injini na panga zake. Mtu mmoja mwenye jina lake kwenye orodha afagie na kukagua kabla ya ndege ya kwanza, na asaini. Winchi isinyanyue mkono bila ya mnara kuambiwa kimo chake. Kama kiwanja hakipokei ndege usiku, kazi za vumbi na kelele zifanywe usiku. Vitambulisho vya mafundi vianze kuombwa mapema, la sivyo utakuwa na wapiga lipu nje ya geti na saruji ndani.

Vifaa vinavyotoka nje ya Pemba vipangie bandari ya Mkoani na hali ya bahari. Weka akiba ya vile visivyopatikana dukani Chake: vioo vya kukazwa, mikanda ya mizigo, fyuzi za mashine.

Kabla ya kukata utepe

Fanya jaribio. Waombe wanafunzi wa skuli na wazee wa shehia waje na mabegi, wawepo wenye viti vya magurudumu, mama wenye watoto wachanga, na mtu asiyejua kusoma. Wapitishe kutoka getini hadi mlango wa ndege. Kata umeme katikati bila ya kuwaambia wafanyakazi. Fuata yule asiyejua kusoma, uone anasimama wapi na kuuliza. Hapo panahitaji alama ya picha, si maandishi makubwa zaidi. Ufunguzi usiangukie siku za Hija wala Idi, hata wakubwa wakitaka.

Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiandikwe kwenye mkataba ili kipite masika nzima, na fedha ya mwisho ya mkandarasi isitoke kabla. Mvua ikishika, panda darini na tochi. Angalia maungio ya jengo la zamani na jipya, nyuma ya vigae vya choo, chini ya kila bomba la viyoyozi, na pale mfereji unapokutana na ukuta. Piga picha, andika tarehe, mpe mkandarasi orodha siku hiyo hiyo.