Kuteremka kwa Baiskeli Mlima Elgon

Ukipanga kuendesha baiskeli Sipi, wilayani Kapchorwa nchini Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321, chagua Januari au Februari, kwa sababu udongo wa volkano ukilowa hung'ang'ania matairi na kujaa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele hadi likatae kuzunguka. Kabla ya kuteremka, punguza kidogo upepo wa matairi ili yashike ardhi, shusha kiti, kisha kagua raba za breki, maana mteremko mrefu huzila upesi. Unaposhuka, simama juu ya pedali zikiwa zimelingana, sogeza kiuno nyuma, ukamate breki zote mbili kabla ya kona na kuziachia taratibu ukiwa ndani yake. Vijia vingi hupita katikati ya mibuni na migomba ya wenyeji, hivyo wapishe wenye mizigo na punda wao. Pale si uwanja wa mashindano. Ukitaka kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon yenyewe, ulizia kwanza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo hutoza kiingilio. Anayeanza namshauri Msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja, ambako miinuko ni ya wastani.