Densi ya kontra: mwongozo wa jioni yako ya kwanza ukumbini

Kontra huchezwa wawili wawili, katika mistari miwili mirefu inayotazamana. Fidla na piano hupigwa papo hapo, na mwelekezaji mwenye maikrofoni hutaja kila kinachofuata. Asili yake ni densi za vijijini za Uingereza, ikakulia New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, na leo inachezwa sehemu nyingi za Marekani, kuanzia kumbi ndogo kama Guiding Star Grange mjini Greenfield, Massachusetts, hadi ukumbi mkubwa wa Glen Echo Park huko Maryland. Ukiishi upande huo wa dunia na unatafuta pa kukutana na watu bila pombe na bila kelele za disko, jaribu hapa.

Miguu haina cha kukariri, ni kutembea tu. Kinachotakiwa ni kuwahi. Mapigo manane ya muziki yakiisha nawe uko mahali pako, hakuna atakayeuliza ulifikaje.

Hatua ya 1: Jiandae

Soma tangazo. Tafuta linalosema wanaoanza wanakaribishwa, na uangalie saa ya somo, ambalo kwa kawaida huanza nusu saa kabla ya densi. Kiingilio mara nyingi ni kati ya dola 10 na 20. Kumbi chache bado zinataka barakoa, nyingi zinaomba watu wasijipulizie manukato, kwa hiyo udi na marashi yabaki nyumbani siku hiyo.

Beba viatu vya pili, safi, vyenye soli laini isiyong'ang'ania sakafu. Mchanga wa barabarani unakwaruza mbao, na soli ya raba nzito hung'ang'ania wakati goti linageuka. Hapo ndipo watu huumia. Chukua chupa ya maji na fulana ya kubadilisha, maana utalowa jasho. Pete kubwa na saa vivue.

Jambo moja ulijue mapema: utashikana mikono na kila mtu mstarini, wanaume kwa wanawake, na katika swingi, yaani kuzunguka wawili mkiwa mmeshikana, mkono hufika mgongoni. Kama dini au desturi yako hairuhusu kukumbatiana hivyo, nyoosha mikono yote miwili mbele. Wenyeji wataielewa ishara hiyo, na swingi hufanyika vizuri tu kwa kushikana viganja. Kugusana viganja hakukwepeki.

Hatua ya 2: Fika kwenye somo, usilipuuze

Densi yenyewe utafundishwa tena na tena usiku kucha, lakini swingi na namna ya kupeana uzito hufundishwa hapa tu. Utajifunza pia majina ya nafasi mbili: Larki husimama kushoto kwa mwenzake, Robini kulia. Kumbi nyingine husema mabwana na mabibi. Yeyote anaweza kucheza nafasi yoyote, ila jioni ya kwanza shika moja, usihamehame.

Hatua ya 3: Tafuta mwenzi

Huhitaji kuja na mtu. Desturi ni kubadilisha mwenzi kila densi, na wanawake huomba wanaume sawasawa na wanaume wanavyoomba. Ukiombwa na hutaki, "asante, hii napumzika" inatosha.

Usicheze na rafiki yako ambaye naye ni mgeni. Wawili wasiojua wakikutana, kosa moja linazaa la pili. Mgeni akiwa na mwenyeji, anasukumwa taratibu hadi mahali pake. Simama katikati ya mstari, si kwenye ncha. Ukumbi ukiwa na seti tatu, kila moja ya mistari miwili, ile ya kati mara nyingi hujaa mabingwa wanaotafutana wenyewe kwa wenyewe. Za pembeni zina watu wenye subira zaidi.

Hatua ya 4: Gawanyikeni wanne wanne

Kuanzia karibu na bendi, kila jozi mbili hushikana mikono na kuwa kundi la watu wanne. Jozi iliyo karibu na bendi ni ya kwanza: huipa bendi mgongo. Jozi ya pili huitazama bendi. Wa kwanza watashuka ukumbini, mbali na bendi, wa pili watapanda kuielekea, na kila mzunguko mtakutana na jozi mpya. Mtu wa jozi nyingine unayetazamana naye ndiye jirani yako. Mwenzi ni mmoja densi nzima, jirani hubadilika. Neno "jirani" likitajwa ukamwendea mwenzi, kundi zima linasambaratika.

Hatua ya 5: Pitieni bila muziki

Mwelekezaji atawatembeza mara moja au mbili. Muziki una mapigo 64: sehemu A mara mbili, B mara mbili, kila moja mapigo 16. Mpangilio wa kawaida kwa wanaoanza ni huu:

A ya kwanza: balansi na jirani, yaani kusogeleana kisha kurudi nyuma (4), swingi naye (12).
A ya pili: duara kwenda kushoto robo tatu (8), dosido na mwenzi (8).
B ya kwanza: balansi na mwenzi (4), swingi naye (12).
B ya pili: Robini wavuke (8), nyota ya mkono wa kushoto, wote wanne mikono katikati mkizunguka (8), kisha jirani mpya.

Kosa la duara ni kuzunguka hadi mwisho kwa sababu watu wanaona raha. Hesabu nafasi tatu, kisha simama; mwenzi wako atakuwa upande wako wa mstari. Dosido ni kupitana kwa bega la kulia, mgongo kwa mgongo, na kurudi kinyumenyume. Robini wanapovuka hushikana mikono ya kulia katikati, wanapitana, kisha humpa Larki wa upande wa pili mkono wa kushoto, naye huwageuza kuelekea ndani.

Ni mapigo kama 110 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua nusu dakika na kitu. Densi hukaribia dakika kumi. Mzunguko wa tano au wa sita mwelekezaji huanza kunyamaza, na hapo utashangaa kuona mwili unajua.

Hatua ya 6: Swingi

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye kichefuchefu. Weka mguu wako wa kulia ubavuni mwa mguu wa kulia wa mwenzako, kingo za nje zikikaribiana. Mguu wa kulia unabaki karibu palepale, wa kushoto unasukuma sakafu, kama mwendesha chukudu, ile skuta ya mbao, wa Goma huko Kongo. Mnazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa.

Peaneni uzito: kila mmoja avutike nyuma kidogo mabegani, mikono ikiwa imara bila kukakamaa. Ukijining'iniza kwa mwenzako, unamuumiza mgongo; ukisimama kivyako, mzunguko unakuwa mzito. Usibane kwa kidole gumba. Kizunguzungu huja ukitazama kuta zinazopita, basi mtazame mwenzako machoni, au sikioni kama macho yanakutia haya. Kikizidi, sema, mtembee tu badala ya kusukuma.

Acha kuzunguka mapigo mawili kabla ya mwisho. Mikono iliyonyooshwa ndiyo inayofunguka, nyote mkitazama ndani, Robini kulia. Swingi ikiishia Robini kushoto, kila kinachofuata kitaharibika.

Hatua ya 7: Ukifika mwisho wa mstari

Mkikosa jozi ya kukutana nayo, mnapumzika mzunguko mmoja. Msiende kunywa maji. Badilishaneni nafasi, mgeuke kutazama mstarini, Larki kushoto. Kusahau kubadilishana ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na hutambulika pale mtu anapokuja kukuswingi ukiwa upande usio wako.

Hatua ya 8: Ukipotea

Usirudi kurekebisha kilichopita. Simama, tafuta mkono ulionyooshwa kwako, uushike. Ukishindwa, subiri jirani mpya, maana kila mzunguko unaanza upya. Ukimgonga mtu, "samahani" moja inatosha.

Mapumziko na waltz

Katikati ya jioni kuna mapumziko, na kabla yake bendi mara nyingi hupiga waltz. Nyingine hufunga usiku. Hizo hazina mwelekezaji: hatua tatu tatu, jozi zote zikizunguka ukumbi kinyume cha mishale ya saa. Wasiojua wakae upande wa ndani, wanaokwenda kasi wapite nje.